Siku Moja Edinburgh: Kutoka Makaburini Hadi Riwaya za Kutisha

Wageni wakianza kumiminika Edinburgh, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mifupa ya yule muuaji iko wapi? Lazima niwe nimesoma riwaya ya Frankenstein? Naweza kwenda na mwanangu wa miaka saba? Nitaota usiku? Nimeona niyajibu yote hapa mara moja, kwa mpangilio wa siku moja ya kutembea kwa miguu katika mji huu wa Uskoti ambako historia ya anatomia na riwaya za kutisha zimelala kaburi moja.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulitishwa na mumiani. Usitoke usiku, kuna watu wanachukua damu za watu wakatengeneze dawa. Hatukuwahi kuwaona. Edinburgh ya miaka mia mbili iliyopita hofu ya namna hiyo ilikuwa na anwani na bei, na maskini wa mji walikuwa na haki kabisa ya kuwaogopa madaktari. Ukilibeba hilo moyoni tangu asubuhi, kila utakachokiona kitakueleza zaidi ya kukutisha.

Mambo machache ya kujua kabla

Mji ulijaa wanafunzi wa udaktari, na kila mwalimu aliwaahidi maiti za kujifunzia. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1752, maiti za wauaji walionyongwa ndizo zilizopelekwa kupasuliwa. Hazikutosha hata kidogo. Basi wezi wakaanza kufukua makaburi usiku na kuuza miili kwa walimu wa anatomia. Mwaka 1828 William Burke na William Hare hawakuhangaika hata kuchimba, wakaanza kuua. Sheria ilibadilishwa mwaka 1832. Hayo yanatosha, mengine utayakuta njiani.

Unachohitaji

- Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Njia nyingi ni za mawe, tena ni za kupanda na kushuka.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli haufai, upepo wa Edinburgh utaupindua.
- Tiketi ya makumbusho ya Surgeons' Hall. Ni ya kulipia. Makumbusho mengine katika safari hii ni bure, ila ile ya anatomia ya chuo kikuu thibitisha kwanza unapopanga siku.
- Hadithi fupi ya Robert Louis Stevenson iitwayo The Body Snatcher. Ilitoka mwaka 1884, haki zake zimekwisha, na unaweza kuisoma bure kwenye intaneti.
- Daftari dogo na penseli. Sababu utaiona kwenye hatua ya saba.
- Maji, na kitu kidogo cha kutia tumboni.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku kwa kufuata mlango mgumu kuliko yote. Mlango huo ni makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, pale Teviot Place. Humo ndimo kilimowekwa kiunzi cha mifupa cha Burke. Haifunguliwi kila siku kama makumbusho mengine. Siku zake kwa umma ni chache. Angalia kwanza tovuti yao, kisha ndipo upange nauli na malazi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kukata tiketi ya treni kwanza na kuuliza baadaye. Tena kama unaweza, epuka Agosti. Mwezi huo mji mzima uko kwenye tamasha, na vyumba vya kulala bei zake hupaa.

2. Soma usiku wa kuamkia safari. Huhitaji kusoma riwaya nzima nzima. Isome hiyo hadithi ya Stevenson kwa saa moja. Kijana Fettes ni mwanafunzi wa anatomia anayepokea maiti alfajiri kwa niaba ya mwalimu anayetajwa kwa herufi moja tu, K. Alfajiri moja analetewa mwili wa msichana, Jane Galbraith, ambaye jana yake alimwona akiwa mzima na mwenye afya. Anaelewa kilichotendeka. Ananyamaza. Huko kunyamaza ndiko Stevenson anakokufanya ukuogope, na ndiyo maana nakuomba uisome kabla. Ukifika mbele ya vioo vya makumbusho utakuwa tayari unajiuliza ni wangapi walijua.

Ukiwa na nguvu zaidi, ongeza sura za mwanzo za Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley kuhusu Victor, mwanafunzi anayeunda kiumbe hai kutokana na maiti, pale anapokusanya vifaa vyake kutoka vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni.

3. Saa tatu asubuhi anzia kanisa la St Cuthbert's. Liko chini ya ngome, upande wa magharibi wa Princes Street. Kwenye kona ya makaburi utaona mnara mfupi wa mviringo. Huo ni mnara wa walinzi, uliojengwa mwaka 1827 kwa ajili ya watu waliokesha humo wakilinda maiti zisiibiwe. Simama hapo kidogo. Mwaka 1827 ndio mwaka ambao Burke na Hare waliuza mwili wao wa kwanza, uliotoka kwenye nyumba iliyokuwa umbali wa dakika chache kutoka hapo. Familia zilikuwa zinalinda makaburi, na hatari ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye nyumba za kulala wageni.

Ukigeuka kaskazini unatazamana na ule mji mpya uliopangwa kwa mistari iliyonyooka. Victor Frankenstein anaupita katika riwaya na kuusifia uzuri wake, kabla ya kuelekea visiwa vya Orkney kumuundia kiumbe wake mwenzi. Mary Shelley mwenyewe aliishi Dundee, kaskazini ya hapa, akiwa msichana, kati ya mwaka 1812 na 1814.

*Tahadhari:* watu wengi husimama hapa wakisema Frankenstein ilitokana na habari za Burke na Hare. Haiwezekani. Riwaya ilitoka Januari 1818, mauaji yalikuwa 1828. Hata lile jaribio maarufu la Glasgow, Andrew Ure alipotia umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa, lilifanyika Novemba 1818, riwaya ikiwa tayari sokoni. Lililotangulia ni la London, Januari 1803: Giovanni Aldini aliipitishia umeme maiti ya George Forster, mwuaji aliyenyongwa Newgate, ikakunja uso na kufumbua jicho mbele ya watazamaji. Shika tarehe hizo nne na hutapotea.

4. Tembea hadi West Port na ushuke Grassmarket. Usitafute nyumba ya kulala wageni ya Hare. Kichochoro chake, Tanner's Close, kilibomolewa zamani, na wanaopoteza nusu saa wakikisaka huchelewa kila mahali baada ya hapo. Tafuta mahali pa kusimama pembeni ya barabara uisome habari hii.

Novemba 1827 mpangaji mzee aliyeitwa Donald alikufa kwa ugonjwa akiwa na deni la kodi la pauni 4. Hare na Burke walimtoa ndani ya jeneza, wakalijaza kitu kizito, na mwili wakampelekea Dk. Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyekuwa na mamia ya wanafunzi. Walilipwa pauni 7 na shilingi 10. Deni lilirudi na faida juu. Katika mwaka uliofuata waliwaua watu 16: waliwanywesha pombe, kisha wakawaziba pumzi, njia isiyoacha alama za wazi mwilini. Wengi wao walikuwa wanawake, na karibu wote walikuwa watu ambao hakuna ambaye angekuja kuwaulizia.

Karibu wote, narudia. Mary Paterson alitambuliwa na wanafunzi pale mezani. James Wilson, kijana mwenye ulemavu wa miguu aliyejulikana na kila mtu mitaani, alitambuliwa pia, na Knox akakana kuwa ni yeye. Wa mwisho alikuwa Margaret Docherty, mwanamke wa Ireland, aliyeuawa usiku wa tarehe 31 Oktoba 1828. Wapangaji wenzake walimkuta chini ya majani ya kulalia, na hao, watu maskini kabisa, walikataa rushwa wakaenda polisi. Yaandike majina hayo matatu kwenye daftari lako.

*Tahadhari:* usiseme Burke na Hare walikuwa wezi wa makaburi. Hawakufukua kaburi hata moja. Kosa hili limo hata kwenye vipeperushi vya watalii.

5. Panda Candlemaker Row hadi Greyfriars. Ingia makaburini utafute vizimba vya chuma vilivyofunika makaburi mawili, kama mabanda mazito yaliyolazwa chini. Mtu atakayesimama karibu nawe atasema viliwekwa kuzuia wafu wasitoke. Kwenye riwaya za kutisha ndivyo ilivyo: aliye kaburini ndiye wa kuogopwa. Huku ilikuwa kinyume. Vizimba viliwekwa kuwazuia walio hai wasiingie. Vilikodishwa kwa wiki kadhaa, mpaka mwili uoze usiwe na faida kwa mnunuzi, kisha vinahamishiwa kwa maiti nyingine. Aliyeshindwa kodi ya kizimba alikesha kaburini yeye na ndugu zake. Aliyeshindwa hata hilo, alizika na kusali.

Hapa mimi hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sisi tunajua matanga, tunajua maana ya kumsitiri maiti, na chuma kile kinasema jambo ambalo hakuna kibao cha maelezo kinachoweza kulisema vizuri zaidi.

6. Vuka barabara uingie Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, Chambers Street. Nenda moja kwa moja kwenye majeneza madogo ya Arthur's Seat. Waulize wahudumu, usizunguke. Mwaka 1836 wavulana waliokuwa wakiwinda sungura kwenye kilima hicho walikuta pangoni majeneza 17, kila moja halizidi urefu wa kiganja, na ndani yake mwanasesere wa mbao aliyevishwa nguo. Yamebaki 8. Wapo wanaosema ni mazishi ya heshima kwa watu 17 waliouzwa na Burke na Hare, yaani waliouawa 16 na yule Donald. Hesabu inakubali, ila wanasesere wote wamevishwa kiume, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Angalia, fikiri, uamue mwenyewe. Nusu saa inatosha. Jengo ni kubwa sana na litakumeza.

Kula hapa, lakini chakula chepesi.

7. Ingia Surgeons' Hall. Tembea hadi mwisho wa Chambers Street, pinda kulia, utalikuta jengo lenye nguzo ndefu kwenye Nicolson Street. Lilichorwa na William Playfair na kufunguliwa mwaka 1832, mwaka ule ule sheria mpya ya anatomia ilipopitishwa. Chuo chenyewe cha wapasuaji kina hati ya mwaka 1505, na katika hati hiyo waliomba wapewe mtu mmoja aliyehukumiwa kufa kila mwaka wampasue wajifunze.

Hii ndiyo hatua ndefu. Itengee saa mbili na uifuate kwa utaratibu huu:

a) Anza na historia ya upasuaji, usianze na chupa. Kuna mfano wa ukumbi wa kupasulia maiti wenye meza ambayo mwili huonyeshwa juu yake kwa picha za mwanga. Kaa kwenye benchi kama mwanafunzi wa zamani. Ukumbuke kwamba mpaka katikati ya miaka ya 1840 upasuaji wote ulifanywa bila dawa ya usingizi. Daktari asiyeijua anatomia alikuchelewesha kwenye maumivu, na ucheleweshaji uliua. Bila kulielewa hilo utawaona walimu wa anatomia wote kuwa mashetani, na hutaelewa kwa nini watu wenye akili na huruma walifumba macho.

b) Tafuta sanduku la Burke. Lina sura yake ya plasta iliyochukuliwa baada ya kunyongwa, na kijitabu cha mfukoni kilichotengenezwa kwa ngozi yake. Ndiyo, ngozi ya mtu. Kijitabu ni cha kahawia, kidogo, kinafanana na kitu chochote cha dukani, na ndiyo maana kinasumbua.

c) Tazama michoro ya rangi ya daktari mpasuaji Charles Bell ya askari waliojeruhiwa mwaka 1809. Alichora jeraha pamoja na uso wa mwenye jeraha. Linganisha na chupa zilizo jirani, ambazo zina ugonjwa bila mtu.

d) Sasa, kama unajisikia vizuri, ingia kwenye maradhi yaliyohifadhiwa kwenye chupa. Wanawake na wanaume waliowahi kupoteza mimba au mtoto mchanga wajue mapema: vichanga vimo. Si lazima uende, na safari haipungui kitu ukiruka.

Kupiga picha za mabaki ya binadamu hakuruhusiwi. Ndipo daftari linapofanya kazi. Chagua vitu vitatu tu, uvichore au uvieleze kwa sentensi mbili mbili. Mtu anayechora hutazama kwa heshima bila hata kukusudia.

Mara ya kwanza nilipompeleka binamu yangu, nilimpitisha kwenye chupa saa nne asubuhi, kabla ya makaburi, kabla ya hadithi. Alitoka kapauka, akasema ameona nyama. Mwaka uliofuata tulirudia kwa utaratibu huu, na aliyoyazungumza njiani yalikuwa ya Mary Paterson. Tangu hapo siubadilishi.

8. Rudi Teviot Place kumwona Burke. Alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, akapasuliwa hadharani na Profesa Alexander Monro wa tatu. Jaji aliagiza mifupa yake ihifadhiwe, ili vizazi vijavyo vikumbuke uovu wake. Hare aligeuka shahidi wa upande wa mashtaka akaachiwa huru. Knox hakushtakiwa kabisa. Kwa hiyo aliyesimama ndani ya kioo ni mmoja kati ya watatu waliofaidika, naye ndiye pekee aliyeadhibiwa kwa kufanywa kile alichokuwa akiuza.

Chuo hiki kina pia mkusanyo mkubwa wa mafuvu, mengi yakiwa yamekusanywa enzi za ukoloni na watu walioamini kwamba tabia na akili husomeka kwenye umbo la kichwa. Mwaka 2019 mafuvu ya Wavedda yalirudishwa Sri Lanka, na mwaka 2023 mengine manne yakarudishwa Taiwan. Msomaji wa Iringa hahitaji maelezo zaidi: fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954 kutoka Ujerumani, miaka 35 baada ya kutajwa kwenye Mkataba wa Versailles. Wizi wa maiti haukuishia kwenye makaburi ya Edinburgh, ulisafiri kwa meli. Chuo hiki hiki ndicho alichosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952. Mimi huwaza kama aliwahi kupita kwenye korido ile.

9. Malizia Makumbusho ya Waandishi, Lady Stair's Close. Pita daraja la George IV hadi Lawnmarket, mtaa ambao Burke alinyongwa. Fika kabla ya saa kumi alasiri ili usifungiwe mlango. Ndani ya nyumba hiyo ya mwaka 1622 tafuta kabati la nguo lililokuwa chumbani mwa Stevenson alipokuwa mtoto. Lilitengenezwa na William Brodie, fundi seremala na diwani wa heshima mchana, mwizi wa kuvunja nyumba usiku, aliyenyongwa mwaka 1788. Mtoto mgonjwa aliyelala akilitazama kabati hilo alikua akaandika, mwaka 1886, habari za Dk. Jekyll, daktari wa heshima, na Bwana Hyde, nafsi yake ovu ya siri. Na nyumba ya Jekyll katika kitabu hicho imenunuliwa kutoka kwa warithi wa mpasuaji maarufu: maabara yake ni chumba cha zamani cha kupasulia maiti. Hyde anatokea kwenye mlango wa anatomia. Kisome kipande hicho ukiwa umesimama mbele ya kabati.

Mambo yakienda kombo

*Nimehisi kizunguzungu.* Kaa chini papo hapo, hata sakafuni, inamisha kichwa, pumua taratibu. Usijikaze kusimama ili usione aibu, kwa maana ukianguka karibu na vioo utaumia. Ukipata nafuu toka nje unywe maji. Ukirudi, nenda kwenye vifaa vya chuma, si kwenye chupa.

*Makumbusho ya anatomia imefungwa.* Ruka hatua ya nane. Sura ya plasta ya Burke uliyoiona Surgeons' Hall inatosha. Muda uliobaki utumie kwenye kilima cha Calton, ambako makaburi mapya yana mnara mwingine wa walinzi.

*Nina mtoto.* Wa chini ya miaka kumi, fanya hatua ya tatu, ya tano, ya sita na ya tisa. Majeneza madogo watoto huyapenda sana, na maswali yao ni mazuri. Wa miaka kumi hadi kumi na minne, ingia naye Surgeons' Hall sehemu ya historia pekee. Mwambie ukweli atakapouliza kama ile ni ngozi kweli.

*Kiingereza cha Stevenson kimenishinda.* Baadhi ya maneno ni ya Kiskoti cha zamani, usijilaumu. Ruka utangulizi wa wazee wanaokunywa pombe kwenye nyumba ya wageni, anzia pale Fettes anapoanza kazi kwa Bwana K. Soma kwa sauti.

*Imani yangu inanizuia kutazama maiti.* Basi usitazame. Hatua ya tatu hadi ya sita ziko makaburini, barabarani na mbele ya wanasesere wa mbao, na ya tisa iko mbele ya kabati. Hakuna mwili hata mmoja katika hizo.

*Nina nusu siku tu.* Greyfriars, Surgeons' Hall, kabati la Brodie. Kwa mpangilio huo.

*Nimeota usiku.* Hutokea. Fungua daftari usome yale majina matatu uliyoyaandika West Port, uwaombee kwa namna unavyojua, kisha ulale.